Tulimlipa mtu atupangie vitu vya nyumba ya marehemu mama kule Buruburu, Nairobi, haya ndiyo nimeona

Naanza na pesa juu najua hilo ndilo swali la kwanza. Shilingi 8,000 kwa siku, siku nne, hiyo ni 32,000. Halafu 6,000 ya kontena, vikapu na lebo. Pikapu ya kuondoa vitu ni juu yako, sisi ilienda mara mbili, 5,500. Jumla 43,500, kabla ya 2,000 alizotupunguzia mwishoni, tukachanga watoto wanne wa mama, na hadi leo hakuna hata mmoja wetu amesema pesa yake ilipotea.

Nyumba yenyewe ni meisoneti pale Buruburu Phase 4. Mama alihamia 1981, akatulea sisi wanne humo, akakaa na wapwa, akakaa na wasichana wa kijijini waliokuja kutafuta kazi, na kila jirani aliyekuwa anahama alimwachia kitu, "Mama niwekee hii nitakuja kuichukua," na wengi hawakurudi. Alipofariki tulikuta vyumba vitatu vya juu vimejaa vitu, kimoja mlango unafunguka nusu tu, unaingia kwa ubavu. Tulijaribu wenyewe. Jumamosi nne tulikutana pale na magunia mapya, kila mara tunafungua katoni moja, tunapata picha ama kadi ya kliniki ya mtoto, mtu anaanza kulia, tunapika chai, tunafunga katoni, tunaenda nyumbani. Jumamosi ya nne kaka yangu na dada yangu wakagombana juu ya cherehani hadi hawakusalimiana wiki mbili.

Kabla ya huyu dada tuliyemlipa kupanga tulikuwa tumeita watu wengine, siwataji. Walikuja watano wamevaa tisheti za rangi moja, wakafanya siku moja, 25,000, na ukweli jioni nyumba ilikuwa inapendeza, ukipiga picha unaweza kudhani ni duka. Lakini hawakuuliza swali hata moja. Kila kitu kilichokuwa kwa gunia kilihamia kwa kontena, tukauziwa kontena 41, zikabandikwa lebo kwa Kizungu, zikapangwa hadi dari. Wiki tatu baadaye mama mdogo, yeye ndiye anakaa pale sasa, ana miaka 68, alitaka chupa ya chai wageni wamefika, akafungua kontena tisa na hakuipata. Na hati ya nyumba, ile hati yenyewe, ilipotea. Tulikuwa tumeanza kuulizia Ardhi House, kwa ofisi za ardhi, vile mtu anaomba nyingine. Watu wale waliupanga ule mrundo lakini hawakuupunguza, na sasa nimeelewa hizo ni kazi mbili tofauti kabisa na kama unataka kuita mtu, muulize kwanza yeye anafanya ipi.

Huyu wa pili tulielekezwa na mama mmoja wa jumuiya. Alikuja kuangalia bure, saa moja nzima, na hakugusa kitu. Alizunguka vyumba vyote na kitabu kidogo, akaketi na sisi, akatuuliza ni nani anaishi hapa sasa, nani ana neno la mwisho mkishindwa kukubaliana, na mirathi mmefika wapi.

Hilo la mirathi lilinishtua, nikamwuliza linahusiana vipi na kupanga kabati. Akasema yeye si wakili na tuulize wetu, lakini mali ya marehemu haiguswi ovyo kabla mahakama haijatoa granti, ile karatasi ya kumruhusu mtu asimamie mali, hiyo iko kwa Sheria ya Mirathi, Sura ya 160, kifungu cha 45, na "mali" si shamba peke yake, hata vyombo vya nyumbani vinahesabika. Akatuambia kuna nyumba alikuwa anafanya kazi, binti mmoja akagawa vitu vya mama kwa roho safi kabisa, ikawa kesi ya familia hadi kwa chifu. Bahati nzuri, granti yetu ilikuwa imetoka na ikathibitishwa, na uthibitisho wenyewe unaombwa baada ya miezi sita tangu granti itoke, kwa hivyo kama umefiwa juzi usikimbie kuita mtu wa kupanga. Alisema hangeanza bila hiyo karatasi. Nilimwamini kuanzia hapo.

Pia aliuliza mama alikuwa anaweka vitu kwa sababu gani. Alieleza kwamba kuna watu kuweka vitu kwao ni ugonjwa, madaktari wa akili wa Marekani waliuandika kama ugonjwa unaojitegemea 2013, na kama mwenye nyumba yuko hai na ana shida hiyo, yeye haanzi bila mshauri nasaha, juu ukimnyang'anya mtu vitu kwa nguvu unamuumiza na nyumba inajaa tena. Mama hakuwa hivyo. Mama alikulia mahali sufuria moja ilikuwa ya familia tatu. Nilipomwambia hivyo aliandika kwa kitabu chake, na siku zote nne hakuwahi kusema neno "takataka" ndani ya ile nyumba, hata kwa kitu kilichooza.

Sasa kazi yenyewe. Wengi mnamjua Marie Kondo wa Japani na ule mpango wake wa kuanza na nguo, halafu vitabu, karatasi, vitu vya mchanganyiko, na vya kumbukumbu mwisho kabisa. Huyu dada anaufuata, lakini ameugeuza kidogo, anaanza na jikoni na stoo, anasema hapo hakuna mtu analia, mkono unazoea kuamua. Vya kumbukumbu kweli vinakuwa mwisho. Sisi Jumamosi zote nne tulikuwa tunaanza na picha!

Siku ya kwanza alitandika mikeka miwili sebuleni, akasema kila sufuria iliyo kwa nyumba hii ije hapa. Zote. Zikapangwa kwa mstari kutoka ndogo hadi ile kubwa ya harusi, sufuria 34 na vifuniko 19. Hakusema kitu. Mama mdogo aliziangalia kama dakika mbili hivi, halafu akainama akachukua sita, akasema mimi napikia watu wawili. Tulikuwa tumembishania miezi, na hapo aliamua mwenyewe juu aliziona zote pamoja mara ya kwanza. Ile kubwa ya harusi ilipewa jumuiya, sasa inatumika kila msiba na kila harusi.

Mitungi ilikuwa 23. Mtu ambaye haishi Eastlands angesema tupa zote, lakini maji ya mfereji hapa yanakuja kwa zamu na kuna wiki hayaji, kwa hivyo alikaa akapiga hesabu na mama mdogo, lita ngapi kwa siku, siku ngapi bila maji, wakafika mitungi minane na dramu moja, ikawekwa nyuma ya jikoni kwa msingi wa matofali isikae kwa udongo. Chini ya godoro la chumba cha wageni tukapata mifuko ya plastiki ya supamaketi, imekunjwa pembetatu pembetatu, mamia, zote za kabla ya ile marufuku ya Agosti 2017. Mama alikuwa ameziweka za siku mbaya.

Halafu kwa rafu ya unga kulikuwa na mkebe wa mafuta ya Kimbo, mzito kidogo, umejaa vifungo vya nguo juu. Msaidizi wake alikuwa anataka kuumwaga kwa gunia, yeye akamsimamisha, akaingiza mkono hadi chini, akatoa noti saba za elfu moja zimefungwa na raba bendi. Za zamani, zile za sura ya Mzee Kenyatta, ambazo mwisho wake ulikuwa tarehe 30 Septemba 2019. Elfu saba ambayo haiwezi kununua hata mkate. Nilikaa chini. Nilikuwa nafikiria ile miaka alikuwa anatuambia yuko sawa, hahitaji kitu, na kumbe alikuwa anajiwekea kidogo kidogo bila kumwambia mtu. Huyu dada wa kupanga akasimamisha kazi, akaweka maji ya chai mwenyewe, na hakunihesabia hiyo saa kwa malipo. Kuanzia hapo kila mkebe, kila mfuko wa koti, kila Biblia ilipekuliwa, na tukapata 2,300 nyingine, hizo bado zinatumika.

Siku ya pili ilikuwa karatasi tu, na kama una pesa ya siku moja peke yake, mimi nakwambia mlipe siku hiyo. Karatasi zilikuwa kwa masanduku matatu ya bati na zile kontena za wale watu wa kwanza. Akatupa kazi kila mtu: za maisha zinaenda kwa faili nyekundu, hizo ni hati ya nyumba, vyeti vya kuzaliwa, cha kifo, granti, vyeti vya shule. Za pesa na kodi zinakaa miaka mitano, hiyo ndiyo miaka KRA, watu wa kodi, wanataka mtu awe na rekodi zake, zilizopita hapo zichanwe. Bili za stima za tangu miaka ya tisini, zichanwe. Kadi za NHIF, ile bima ya afya ya zamani, na tangu Oktoba 2024 ni SHA, hazina kazi. Kopi za kitambulisho zisiende jaani nzima nzima, alizichana yeye mwenyewe vipande vidogo juu hutaki mtu asajili laini ya simu na jina la mama yako. Saa nane mchana, ndani ya kontena iliyoandikwa "Books", katikati ya atlasi mbili, hati ya nyumba ikatoka. Mama mdogo alipiga vigelegele hadi jirani akaja kuuliza ni nani ameolewa.

Kitu alichofanya baadaye ndicho nimependa sana. Hati ilipigwa picha hapo hapo, kila ukurasa, ikatumwa kwa sisi wote wanne kwa dakika moja, hata dada yetu wa Minnesota ambaye tulikuwa naye kwa video na kwake kulikuwa bado asubuhi. Akasema sasa hakuna mtu ana siri na hakuna mtu ana mzigo. Watu wenye ndugu wataelewa hiyo sentensi.

Vitabu vilikwenda haraka. Vya darasa la saba na la nane katoni sita, KCPE, ule mtihani wa darasa la nane, ya mwisho ilifanywa 2023, hakuna mtoto atavitaka tena, vikauzwa kwa kilo. Vya sekondari alikataa visiuzwe kwa kilo, alisema KCSE, mtihani wa kidato cha nne, ya mwisho ya mtaala wa zamani wa 8-4-4 ni 2027 na kuna mzazi hapa hapa esteti anavitafuta, na kweli kufika jioni watoto wawili wa jirani walikuwa wamevibeba. Za umeme, ile TV nene ya mgongo iliyokaa bila kazi tangu matangazo ya analojia yazimwe 2015, deki, simu nane, pasi mbili, tulipeleka WEEE Centre kule Utawala, wanafungua na kutenganisha badala ya kitu kuishia jaa la Dandora.

Sasa makosa, juu yapo. Siku ya kwanza alifika saa nne kasoro na tulikuwa tumekubaliana saa mbili na nusu, akasema ni foleni ya magari ya Jogoo Road, na Jogoo Road kila mtu anaijua kwa hivyo mtu anatoka mapema. Risiti yake ni ya kitabu cha mkono. Yuko na msaidizi mmoja tu, tulingoja wiki tano kupata nafasi. Kontena alizonunua Kamukunji ni nzuri na bei ni ya chini sana kuliko supamaketi, lakini mbili zilipasuka kifuniko ndani ya mwezi. Vikapu vya Kariokor ndivyo vimekaa, ningemwambia anunue vikapu tu.

Na kuna kosa kubwa. Siku ya tatu ilikuwa chumba cha mama, nguo. Kulikuwa na rundo la kubaki, la familia, la kuuza, na la kutupa, na kikapu kimoja alichokiita kikapu cha bado, cha vitu ambavyo huwezi kuamua leo, lakini ni kimoja tu na kinaandikwa tarehe ya kufunguliwa. Mama anayeuza mitumba Gikomba alikuja saa kumi akachukua magunia mawili ya rundo la kuuza. Saa mbili usiku mama mdogo akauliza, leso ya bluu iko wapi? Leso moja ya mama, bluu na nyeupe, imeandikwa MGENI NJOO MWENYEJI APONE, ina alama ya kuungua kwa pembe kutoka kwa jiko la makaa, kitinda mimba wetu alibebwa nayo. Leso ni mbili mbili, na ile ya pili ilienda na mama. Yule kijana msaidizi alikuwa ameikunja na shuka.

Nilimpigia huyu dada simu nikiwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo, niseme ukweli. Hakujitetea. Hakusema ni kijana. Aliniambia, "Mum, hilo ni kosa langu, nipe hadi asubuhi." Saa kumi na moja alfajiri alikuwa Gikomba kabla magunia hayajafunguliwa, na saa mbili kasorobo alikuwa mlangoni kwetu na leso kwa mfuko wa karatasi, ameinunua kwa pesa yake, na siku ya nne alitupunguzia 2,000 ambayo mimi nilikataa na mama mdogo akakubali. Tangu hapo amebadilisha mpango wake, hakuna gunia linatoka nyumbani siku hiyo hiyo, linalala usiku mmoja sebuleni na kila mtu wa familia analipitia asubuhi. Sisi tulilipa gharama ya hilo somo lakini nimefurahi wengine hawatalipa.

Ni miezi mingi sasa na nimeona kinachodumu. Jikoni imekaa vile aliiacha, juu alipanga kwa mwili wa mama mdogo, vizito chini ya kiuno, hakuna kitu cha kila siku kinapita bega, lebo kwa Kiswahili na herufi kubwa za kalamu nene. Chupa ya chai iko mahali ambapo mgeni akiingia mama mdogo ananyoosha mkono bila kuangalia. Karatasi zinapitiwa mwisho wa mwezi, faili ni moja, kazi ni ya dakika kumi. Droo ya karibu na mlango inajaa, funguo, risiti, betri, tulimwambia huyu dada akapita siku moja akiwa njiani akatoa droo yenyewe akaweka trei ya wazi, akasema mahali penye kifuniko hapa pangekuwa shimo, na hakutulipisha. Chumba kile cha mlango nusu sasa analala mpwa wangu anayesoma.

Kama unamwita, mwite ukiwa na watu wote wenye neno, ama kwa simu. Usimwite umfichie mtu. Na mwambie mapema ni vitu gani visiguswe, viweke kwa chumba kimoja na ufunge, sisi tungefanya hivyo na leso isingesafiri.

Kikapu cha bado kilikuwa na vitu vitatu na tarehe ya Desemba. Tulikifungua siku ya Krismasi baada ya kula, sote tukiwa pale. Redio ya betri ilienda kwa kaka, akaiwasha na ikashika. Barua za baba kwa mama, dada wa Minnesota alizichukua, kwa ruhusa ya wote. Miwani ya mama tuliipitisha mkono kwa mkono, kila mtu akaijaribu, halafu mama mdogo akaipangusa na leso, akairudisha kwa kikapu, na tukaandika tarehe ya Desemba ijayo.